Amri ya Mahakama na Bima ya Afya ya Mtoto: Wajibu wa Mzazi na Mwajiri

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, si jambo geni mtoto kulelewa na mama au bibi upande wa Haydom ilhali baba ameajiriwa Katesh au nje ya mkoa. Wazazi wanapotengana, kadi ya bima ya afya hubaki kwa mwenye ajira, na mtoto akiugua mlezi hulazimika kuuza mbuzi au mahindi ya akiba ili alipie matibabu. Sheria za nchi zinatoa njia ya kuondoa hali hiyo.

Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka mzazi kumpatia mtoto chakula, malazi, mavazi, elimu na matibabu, ikiwemo chanjo. Wajibu huo haukomi kwa wazazi kutengana. Anayeukiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kufungwa miezi 6, au vyote kwa pamoja.

Hatua ya kwanza ni kumwona Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, ambaye huwaita wazazi na kujaribu kuwapatanisha. Suluhu ikishindikana, mzazi anayeishi na mtoto, mlezi, ndugu au Afisa Ustawi wa Jamii mwenyewe anaweza kupeleka maombi ya matunzo katika Mahakama ya Watoto. Mwombaji aandae cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya kliniki, stakabadhi za matibabu, na jina na anwani ya mwajiri wa mzazi mwenzake. Asiyemudu gharama za wakili anaweza kuwaona wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kabla ya kutoa amri, Mahakama huangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu yao kwa watu wengine, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi na haki za mtoto. Inaweza pia kumwagiza Afisa Ustawi wa Jamii kuandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii.

Hapa ndipo waombaji wengi hukosea: huomba fedha za kila mwezi pekee na kusahau bima. Ni vyema maombi yaeleze wazi kuwa mzazi aamriwe kumsajili mtoto kama mtegemezi wake, ndani ya siku zitakazotajwa, na kumkabidhi mlezi kadi au namba ya uanachama ya mtoto. Amri isiyotaja bima ni vigumu kuitumia kudai bima.

Kwa watumishi wa umma, mchango wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya umekuwa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikilipwa na mtumishi na nusu na mwajiri. Mchango huo humhudumia mwanachama, mwenza wake na wategemezi wasiozidi 4. Hivyo kumwongeza mtoto ndani ya idadi hiyo hakumpunguzii mzazi mshahara. Ugumu hujitokeza pale nafasi 4 zinapokuwa zimejazwa na wategemezi wengine. Jambo hilo lielezwe mahakamani mapema ili hakimu aliamue.

Fomu za usajili hupita kwa mwajiri, pamoja na picha na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kwa sababu hiyo, nakala ya amri iliyogongwa muhuri wa Mahakama ifikishwe kwa ofisa utumishi. Kuhusu makato ya matunzo, kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza mwajiri kukata mshahara kiholela, lakini kinaruhusu makato yanayotokana na amri ya mahakama. Mwajiri aliyepokea amri ya kukata hana sababu ya kusubiri ridhaa ya mtumishi.

Mzazi akikaidi, mlezi arudi katika Mahakama iliyotoa amri na kuomba ikaziwe. Akihama kituo au kubadili kazi, amri bado inamfunga. Kinachohitajika ni kuijulisha Mahakama ili mwajiri mpya afikishiwe maelekezo. Hali ya kipato ikibadilika, upande wowote unaweza kuomba amri irekebishwe.

Amri ya matunzo hudumu hadi mtoto atimize miaka 18, na inaweza kuendelezwa iwapo yupo masomoni. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawasamehe ada watoto walio chini ya miaka 5 katika vituo vya umma. Baada ya umri huo msamaha hukoma, na hapo mtoto asiye na kadi hubaki bila kinga. Mlezi asisubiri ugonjwa ndipo aanze safari ya mahakamani.