Mtoki wa Kijana: Lini Daktari Aukate?

Leo somo letu ni habari za kale za mitoki, yaani tezi zinazovimba shingoni, kwapani au kinenani.

Mwaka 1803 Thomas Winterbottom, daktari Mwingereza aliyepata kufanya kazi Sierra Leone, aliandika kwamba wafanya biashara ya watumwa walipapasa shingo za watu. Mwenye tezi nyuma ya shingo walimkataa, maana walijua ni dalili ya malale. Vidole, basi, viliitangulia darubini kwa miaka mia! Mwaka 1904, Uganda, madaktari Greig na Gray walichoma tezi hizo kwa sindano, wakayatazama maji yake, wakaviona vijidudu vya malale.

Lakini kupapasa hakutoshi. Malale ya upande wetu, yaletwayo na mbung'o wa porini, mara nyingi hayavimbishi shingo. Tena tezi huvimba kwa sababu nyingi: jino bovu, kidonda, kifua kikuu, Ukimwi.

Na saratani je? Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alimwona mtoto aliyevimba mataya. Vipande vya uvimbe wa namna hiyo vilipopimwa, ilijulikana kuwa ni saratani ya chembe zile zile za tezi. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walisafiri kwa gari wiki kumi, wakapita na Tanganyika, wakiulizia ugonjwa huo katika hospitali. Kisu hakikuuponya, dawa ziliponya watoto wengi. Bila kupima kipande, nani angejua dawa gani itolewe?

Sasa tuje nyumbani. Mtoki mdogo, laini, unaosogea, uliokuja pamoja na kidonda: tibuni kidonda, mngoje. Ukipita wiki nne hadi sita haupungui, au unakua, au ni mgumu, mpelekeni kijana hospitali. Ukiwa juu ya mtulinga, au kijana anakonda, ana homa na jasho jingi usiku, msingoje hata hizo wiki. Sindano huweza kuonyesha kifua kikuu. Kwa saratani ya tezi daktari mara nyingi hutaka kipande, au tezi nzima. Wako wasemao kwamba uvimbe ukiguswa na kisu huenea. Mimi naiogopa zaidi hofu hiyo kuliko kisu.

Kabla ya kuondoka, andikeni katika daftari tarehe mliyouona mtoki kwanza, na ukubwa wake: punje ya hindi, au yai la njiwa? Daktari atauliza.