Kitabu cha Safari cha Kale

Msomaji, kabla hujafungua kitabu cha wageni ili kupanga safari ya visiwani mwetu, ujue ya kuwa mabaharia wa karne ya kwanza walikuwa na chao, kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani. Humwagiza mfanyi biashara atoke Misri mwezi wa Julai, achukue mikuki na mashoka, na ngano, si ya kuuza bali ya kuwapendeza wenyeji. Tena chataja kisiwa cha Menouthias, chenye miti, mito, na mamba wasiodhuru mtu (nadhani walikuwa kenge!). Wavuvi wake walikuwa na vyombo vya mbao zilizoshonwa, wakinasa kasa kwa madema. Je, ni Unguja, Pemba, au Mafia? Wataalamu wangali wakibishana. Mwandishi alieleza madema yao. Walivyojiita wenyewe hakuandika.