Jitegemea: Wito wa Gatu kwa makanisa ya Afrika

Je, ni nani mwenye jukumu la kueneza Injili: mmishenari kutoka ng'ambo au kanisa la mahali?

Suala hilo lilizua mjadala mkali mwaka wa 1971 pale Kasisi John Gatu, Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki (PCEA), alipotaka wamishenari waondolewe kwa muda usiopungua miaka mitano. Kwake, watumishi na fedha za kigeni viliwazuia Waafrika kusimama wenyewe.

Waliompinga walishikilia kuwa amri ya Yesu ya kuyaendea mataifa yote haisitishwi. Hata hivyo, mkutano wa makanisa ya Afrika mjini Lusaka, mwaka wa 1974, ulimuunga mkono.

PCEA iliwahimiza waumini kuigharimia kazi hiyo wenyewe, kwa kaulimbiu ya "Jitegemea".