Kangaga: lile jani la kijani kwenye shada la maua, linatoka wapi na linapandwaje

Leo tuongelee jani. Siyo ua, jani. Ukitazama shada la harusi au la msiba, nyuma ya mawaridi kuna majani ya kijani yaliyochanwachanwa kama manyoya. Hayo ndiyo yanaficha sponji, yanajaza nafasi na kulifanya shada lionekane kubwa. Mara nyingi ni kangaga (wengi wanasema makangaga), mmea usiotoa ua wala mbegu. Geuza jani uone vidoadoa vya kahawia mgongoni. Humo mna spora, vumbi linalozaa kangaga jipya. Kuna watu wanadhani ni ugonjwa wanalitupa jani, siyo ugonjwa jamani.

Nimeamua kuandika kwa sababu huku kwetu Lushoto kila ikifika Ijumaa naona vijana wanateremka na viroba vya makangaga ya msituni, wanawapelekea wapambaji. Siwalaumu. Ajira hakuna, mimi mwenyewe nimemaliza kidato cha nne naishi kwa vibarua vya kuandika. Tatizo ni jinsi wanavyochuma: wengine wanang'oa shina zima na mizizi, au wanafyeka majani yote hadi mmea unabaki kisiki. Mwezi ujao wanapanda juu zaidi mlimani kwa sababu pale pa mwanzo hapana kitu tena.

Kwanza tuelewane kuhusu aina. Mfalme wa soko la dunia ni kangaga gumu linaloitwa kitaalamu Rumohra adiantiformis. Jani lake ni la pembetatu, linang'aa, gumu kama ngozi, na likikatwa linakaa kwenye maji wiki mbili, tatu na zaidi. Ile ya pili mnaijua wote, Nephrolepis, ndefu kama upanga, ya kwenye vyungu barazani. Na lile jani laini kama moshi anachomekewa bwana harusi kwenye koti pamoja na waridi? Hilo siyo kangaga kabisa! Ni Asparagus setaceus, ana maua na matunda, na asili yake ni huku huku mashariki na kusini mwa Afrika.

Sasa Rumohra huota porini Afrika Kusini, kwenye misitu ya Knysna, na kuanzia miaka ya 1980 watu walikuwa wanalichuma kule kwa biashara kama vijana wetu. Tofauti ni kwamba wao walipima. Mwaka 1987 mtafiti Sue Milton alichapisha utafiti kuhusu kukata majani ya aina nne za makangaga ya msituni, na watafiti wa misitu wakaendelea na kazi hiyo. Walichokiona ni kwamba kangaga la msituni linakua polepole sana. Ukilikata mara kwa mara, majani yanayorudi ni machache na madogo, na madogo hayauziki. Ndiyo ikaja kanuni: usizidishe nusu ya majani yanayofaa kuuzwa kwenye mmea mmoja, halafu eneo lile lipumzike miezi 15. Soma tena hapo, miezi 15, siyo wiki 2! Jani ndilo linalopika chakula cha mmea, ukichukua yote unauacha na njaa.

Wenzetu wa Marekani wao waliona bora kulima. Mji mdogo wa Pierson, jimbo la Florida, unajiita makao makuu ya kangaga duniani. Wanapanda chini ya mialoni au chini ya neti nyeusi, na usiku wa baridi kali wanayamwagia maji ili barafu iyafunike na kuyakinga. Siyo mteremko lakini, mwaka 2004 vimbunga Charley, Frances na Jeanne vilibomoa neti nyingi sana. Costa Rica nayo inalima na kuuza nje.

Kwetu hatuna barafu ya namna hiyo, kwa hiyo kazi kubwa ni kivuli na maji. Kangaga linataka kivuli cha kama asilimia 60 hadi 80. Jua kali linalifanya liwe la njano, giza kabisa linalifanya lirefuke na kulegea. Udongo uwe na mboji nyingi, unyevunyevu muda wote ila maji yasituame. Kuzalisha kwa spora inawezekana ila ni uvumilivu: kwanza inatoka sahani ndogo ya kijani yenye umbo la moyo, ndipo kangaga lenyewe linachomoza juu yake, na mpaka uvune muda umekwenda. Njia ya haraka ni kugawa shina linalotambaa ardhini. Kata kipande chenye majani machache na ncha inayokua, kiweke juu juu, usikizike, kikizama kinaoza. Nephrolepis ni rahisi zaidi, inarusha kamba na kila kamba inatoa mtoto. Chungu kimoja cha shangazi kinaweza kuwa mwanzo wa kitalu kizima, muombe kwa adabu tu.

Kuvuna: subiri jani lifunguke lote, likolee rangi na liwe gumu. Jani changa linanyauka kabla bibi harusi hajafika ukumbini. Kata asubuhi, chini karibu na udongo, tumbukiza kwenye maji papo hapo, weka pa baridi. Usikate majani yakiwa yamelowa, kuvu inatembea na maji na kisu.

Na kwa anayesema "msitu ni wa Mungu", Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kuvuna mazao kwenye hifadhi ya msitu, na mazao siyo mbao peke yake. Misitu hii ya Usambara ina mimea isiyoota kwingine. Saintpaulia, ua la vyungu linalouzwa Ulaya na Marekani, lilichukuliwa huku mwaka 1892 na mtawala Mjerumani, Walter von Saint Paul. Wazungu wakalizalisha kwenye vitalu kwao, wakauza. Mbegu ni yetu, kitalu chao.

Dada mpambaji unayesoma hapa, siku nyingine ukiletewa kiroba angalia chini ya majani. Ukikuta mizizi na udongo, huyo kijana kang'oa, mwambie akapande hiyo mizizi na wewe utanunua majani kwake.