Jinsi ya kuondoa mabaki ya programu katika seva ya Unix

PROGRAMU inapowekwa katika seva ya mfumo wa Unix, vifurushi vyake aghalabu hufunguliwa kwanza katika saraka ya muda, yaani folda ya /tmp au /var/tmp. Kazi ikikamilika, faili hizo zinapaswa kufutwa. Lakini shughuli ikikatizwa, kwa mfano umeme unapopotea, mabaki husalia. Yakirundikana hadi diski ijae, hifadhidata hushindwa kuandika rekodi mpya na barua pepe hukwama.

Saraka hizo mbili hazifanani. Katika mitambo mingi, yaliyomo ndani ya /tmp hutoweka seva inapowashwa upya. Ya /var/tmp hubaki, na ndiyo maana takataka huweza kukaa humo kwa miaka.

Tumia amri df kubaini diski iliyojaa, kisha du kujua saraka iliyomeza nafasi. Amri find hutafuta faili za kale. Hata hivyo, umri pekee si ushahidi kwamba faili haina kazi. Hakikisha kwa amri lsof kuwa hakuna programu inayoitumia. Faili iliyofutwa ingali wazi hutoweka machoni, ila nafasi yake hairejei hadi programu husika iifunge.

Aidha, usifute kila kitu kwa pamoja. Humo mna pia soketi ambazo programu hutumia kuwasiliana, na zikiondolewa huduma hukatika. Futa faili unazozitambua pekee, wala usiiguse saraka yenyewe.