Radi ya Mashariki Haijafika Butembo

Mwaka 1985 kikundi cha Loudness kutoka Osaka kilitoa albamu iliyorekodiwa Marekani, Thunder in the East, yaani Radi ya Mashariki. Ilipanda hadi nafasi ya 74 katika chati ya Billboard, na hapo Wamarekani wakatambua kwamba Wajapani nao wanaiweza metali nzito. Mashariki yao si hii yetu ya Kongo. Jina hilo lilinirudia miaka 36 baadaye, Mjapani mwingine alipotoa diski ya ngurumo iliyopikwa Kampala, na baadhi ya wapishi wakiwa Wakongomani.

Anaitwa Shigeru Ishihara, mkazi wa Berlin. Zamani alijulikana kama DJ Scotch Egg, mtu wa kutoa kelele za kasi ya ajabu kwa Game Boy, kile kichezeo cha watoto. Akaja Kampala kwenye studio za Nyege Nyege. Msomaji wa Kiswahili anaruhusiwa kucheka: kwa Waganda neno hilo ni ile hamu ya kucheza inayomshika mtu ghafla. Waziri wa maadili wa Uganda wa wakati huo, Simon Lokodo, hakucheka. Mwaka 2018 alijaribu kulizuia tamasha lenye jina hilo kule Jinja. Ishihara naye alibatizwa upya, akawa Scotch Rolex. Aliyewahi kupanda basi Kasese anaijua rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai. Yai la Mjapani lilipata chapati yake.

Albamu yake, Tewari, ilitoka mwaka 2021. Don Zilla na Chrisman, watayarishaji wa Kikongomani wanaofanya kazi Kampala, wamo ndani. Sauti inayotisha zaidi ni ya Martin Kanja wa Nairobi, Lord Spikeheart, anayekwaruza koo kama msumeno uliokutana na msumari. Mwaka uliotangulia yeye na Sam Karugu walikuwa wametoa albamu ya kikundi chao, Duma, jina ambalo kwa Kikuyu ni giza. Pitchfork ya Marekani iliisifu, na baadaye Sub Pop, kampuni iliyotoa albamu ya kwanza ya Nirvana, ikawatolea wimbo. Wahakiki walihangaika kuipa aina: ni metali, ni elektroniki, au ni kelele tupu? Mimi naona kuhangaika kwao ndiko kulikoiuza, kadiri ilivyouzika, maana diski za namna hii hununuliwa na wachache wanaopenda kuwa wachache.

Mambo hayakuwa hivi kwa wazee. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco kule Jadotville mwaka 1952, gitaa la wimbo wake Masanga lilisifiwa na wageni huku likipigwa na vijana wa Kongo hadi Nairobi. Sifa na masikio vilitembea njia moja.

Tewari haikupata njia hiyo. Wafanyabiashara wa Butembo wanavuka mpaka wa Kasindi wakirudi na vitenge, sabuni na vipuri vya pikipiki. Diski hii haimo mizigoni. Huku nyimbo huwekwa kwenye kadi ya simu, nyingi kwa bei ndogo, na fundi anayeziweka ndiye mhakiki. Niliipeleka kwa mmoja, kijana aliyekimbia kutoka upande wa Beni. Nikamwekea kipande cha Lord Spikeheart.

“Papa, spika imepasuka?”

Nikamwambia hapana, ndivyo wimbo ulivyo, na Wazungu wanaupenda sana. Akasikiliza tena, safari hii kwa makini, kichwa kikienda na ngoma. Akauliza unaitwaje. Nikamwambia: Sniper.

Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wamekuwa wakichinjwa usiku. Akapunguza sauti, akatazama barabarani kwanza, kisha akaniuliza kama ninazo spika za kuvaa masikioni.