Daktari Kirk na magamba ya konokono

Sisi watu wa Pwani tunaoishi Makadara, Nairobi, tukimtaja John Kirk huwa twamkumbuka kama balozi wa Uingereza aliyembana Sayyid Barghash mpaka soko la watumwa la Unguja likafungwa mwaka 1873. Upande wake mwingine hausimuliwi sana: alikuwa tabibu aliyekusanya konokono.

Kirk alizaliwa Scotland mwaka 1832, akasomea udaktari Edinburgh. Mwaka 1858 alifuatana na David Livingstone kwenda mto Zambezi, akiwa daktari na mtaalamu wa mimea. Huko aliokota pia magamba ya konokono, hadi Ziwa Nyasa. Mjerumani Heinrich Dohrn aliyaorodhesha katika makala iliyochapishwa London mwaka 1865. Mwaka uliofuata Kirk alihamia Unguja.

Faida yake ni nini leo? Konokono wa nchi kavu hendi mbali. Wengi huishi kwenye unyevu wa majani yaliyooza, na huhitaji chokaa ya kujengea gamba. Msitu ukifyekwa, hana pa kukimbilia. Gamba lililoandikwa mahali lilipookotwa ni ushahidi kwamba kiumbe yule aliishi pale.

Orodha ile iliandikwa kwa lugha za wageni. Majina yetu wanayo wazee, wakiwemo wa kaya za Kwale na Kilifi wanaolinda misitu. Ndugu zangu, watoto wakienda likizo kwa bibi zao, wawaulize majina hayo na wayaandike kabla hayajapotea.